Sukari guru ina wenyewe, jina lake lisichezewe



Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo, nalo ni jina la sukari guru.

Mapema mwaka 2024, mvua za El Niño zilipovuruga uvunaji wa miwa na bei ya kilo moja ya sukari ikapita shilingi 4,000 sehemu nyingi za nchi, wananchi walizungumza sana habari za viwanda, za meli na za vibali vya kuagiza sukari kutoka nje. Ni wachache waliotaja ile sukari ambayo mkulima wa miwa anaweza kuipika mwenyewe kijijini kwake. Sababu mojawapo ni kwamba sukari hiyo haina heshima, na haina heshima kwa kuwa haina jina lililosimama imara. Huyu anaiita guru, yule anaiita nguru, wa tatu anaiita sukari ya gongo. Na mjini mfanyabiashara anachukua sukari ya kiwandani yenye rangi ya kahawia, anaifunga vizuri, kisha anaandika juu ya pakiti kwamba ni guru ya asili. Mpishi wa guru yenyewe anabaki na madonge yake gulioni.

Guru ni kitu gani?

Yafaa kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Miwa hukamuliwa kwa kinu, kiwe cha kukokotwa na ng'ombe au cha injini. Maji yake huchujwa na kuchemshwa katika makarai mapana, na kuni zake mara nyingi ni makapi ya miwa hiyo hiyo yaliyokaushwa juani. Povu linapopanda huenguliwa. Wapishi wengine hutia chokaa kidogo ili uchafu upande juu. Huko India wako wanaotumia utelezi wa mmea wa bamia, na wapishi wa Kolombia hutumia utelezi wa magome ya miti fulani. Yale maji yakishakuwa mazito kama uji hukorogwa, humiminwa katika vyombo na kuachwa yagande. Kwa kawaida kilo 10 za miwa hutoa kilo moja hivi ya guru.

Kiwandani mambo ni mengine. Huko maji ya miwa huchemshwa mpaka chembe za sukari zinajitenga, kisha rojo lote hutiwa katika mashine inayozunguka kwa kasi sana. Chembe hubaki ndani, na molasi hutupwa pembeni. Hapo ndipo penye mpaka wa kweli baina ya sukari hizi mbili. Katika guru hakuna kilichotengwa: chembe na molasi vimeganda pamoja. Ndiyo maana hata wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), wanapoandika takwimu zao, huiweka guru katika fungu la sukari ambayo haikupitishwa katika mashine hiyo.

Kwa hiyo rangi si kipimo. Sukari nyeupe ikirudishiwa molasi kidogo itakuwa ya kahawia, lakini haitakuwa guru, kama vile chai iliyotiwa rangi ya maziwa isivyokuwa chai ya maziwa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu udanganyifu wote nitakaoueleza umejengwa juu ya rangi.

Jina lililosafiri

Wako wanaosema kwamba guru ni jina la Kihindi, hivyo halituhusu. Hoja hiyo haina nguvu. Neno sukari lenyewe tulilipata kwa Waarabu, nao Waarabu walilipata kwa Waajemi, na Waajemi walilipata India, ambako katika lugha ya Kisanskriti neno sharkara lina maana ya changarawe. Guru nalo linatokana na neno la Kihindi, gur, ambalo asili yake ni neno la Kisanskriti lenye maana ya donge. Basi tukisema sukari guru tunaunganisha maneno mawili yaliyozaliwa nchi moja na kufika kwetu kwa njia mbili, moja ya Waarabu na moja ya wafanyabiashara wa Kihindi. Hata jina la Kiingereza, jaggery, ambalo sasa linaonekana katika pakiti za maduka makubwa, limetoka huko huko India kwa kupitia midomo ya Wareno.

Na miwa si mgeni kwetu. Katika karne ya 19 bonde la Mto Pangani lilikuwa na mashamba makubwa ya miwa, na Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya mwaka 1888 dhidi ya Wajerumani, alikuwa na shamba la miwa huko. Tusisahau kwamba miwa ile ililimwa kwa jasho la watumwa. Hiyo ni sababu nyingine ya kutaka leo utamu wake umfikie anayeilima.

Mataifa mengine yana majina yao. Watu wa Kolombia huiita panela, wa Brazili rapadura, wa Meksiko piloncillo, wa Peru chancaca, na Wajapani huiita kokuto, yaani sukari nyeusi. Kitu ni kimoja kwa asili, majina ni mengi, na kila jina limebeba jasho la watu wake. Matata huanza pale ambapo mtu mmoja anataka kulifanya jina hilo kuwa lake, au pale anapolibandika juu ya kitu kingine.

Jina kufungiwa kabatini

Chukua mfano wa Brazili. Rapadura ni chakula cha watu wa kaskazini mashariki mwa nchi ile, sehemu yenye ukame na umaskini mwingi. Mwaka 1989 kampuni moja ya Ujerumani, iitwayo Rapunzel, iliandikisha neno Rapadura kuwa alama yake ya biashara huko Ujerumani, na baadaye ikafanya hivyo Marekani. Maana yake ni nini? Ni kwamba mkulima wa Brazili akitaka kupeleka rapadura yake katika nchi hizo, anaweza kuambiwa kwamba hana ruhusa ya kuiita kwa jina alilofundishwa na bibi yake. Katikati ya miaka ya 2000 mawakili wa jimbo la Ceará waliamka na kulipinga jambo hilo, na likawa suala la serikali.

Wabrazili walikuwa wamekwisha kuonja uchungu huo. Mwaka 1998 kampuni ya Kijapani, Asahi Foods, iliandikisha neno cupuaçu, ambalo ni jina la tunda la misitu ya Amazon lenye udugu na kakao. Wananchi wa Brazili walipiga kelele, wakapeleka pingamizi, na mwaka 2004 ofisi ya Japani inayohusika ikaifuta alama ile. Funzo lake ni kwamba haki ilipatikana kwa sababu wenye jina walikuwa na ushahidi na waliutumia. Waliokaa kimya hawakuletewa haki nyumbani.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuko mbali na habari hizi. Mwaka 2006 kampuni ya Uingereza iliomba kuandikisha neno kikoi, kwa tahajia ya kikoy, liwe alama yake. Wenzetu wa Kenya na marafiki zao walipinga, na mwaka 2008 ombi lile likaanguka. Na maneno hakuna matata, ambayo kila mtoto wa pwani anayasema bila kumlipa mtu yeyote, yaliandikishwa Marekani na kampuni ya Disney kwa ajili ya nguo. Ombi lililetwa mwaka 1994 na kukubaliwa mwaka 2003. Yule anayedhani kwamba neno guru haliwezi kumvutia mtu kwa sababu ni la wanakijiji, na aulize kikoi kilikuwa cha akina nani.

Jina kubandikwa pasipo pake

Kuna uovu wa pili, nao unawaumiza wazalishaji wadogo kila siku. Huu ni wa kuuza kitu kingine kwa jina la guru.

Huko Kolombia, ambayo ni ya pili duniani kwa kuzalisha sukari ya aina hii ikitanguliwa na India, iko tabia ya kuyeyusha sukari ya kiwandani, kuitia rangi na kuigandisha kama panela. Bei ya sukari ya kiwandani ikishuka, wadanganyifu hawa hufurika sokoni, na mwenye kinu cha kijijini hana la kufanya. Ndipo serikali yao ikatunga sheria namba 40 ya mwaka 1990, ambayo inalinda uzalishaji wa panela na kukataza sukari isitumiwe kuitengenezea. Sheria hiyo iliweka pia mchango maalum unaorudi kuwasaidia wazalishaji wenyewe.

Japani nao walikuwa na tatizo la namna hiyo. Katika mkoa wa Okinawa kuna visiwa vinane vidogo vinavyopika kokuto. Katika visiwa kama hivyo, ambavyo kimbunga kinaweza kuangusha mazao mengine yote, muwa ndio tegemeo la watu. Lakini madukani zilikuwapo sukari zilizotengenezwa kwa kuchanganya sukari ghafi na molasi, nazo zikiuzwa kwa jina la sukari nyeusi. Mwaka 2010 idara ya serikali yao inayolinda walaji ikatoa maelezo kwamba jina hilo ni la sukari iliyopikwa kwa maji ya miwa moja kwa moja, na mchanganyiko utajwe kuwa mchanganyiko. Hawakumkataza mtu kuuza mchanganyiko wake. Walichokataza ni uongo.

India wamepita njia nyingine. Mwaka 2014 guru ya Kolhapur, katika jimbo la Maharashtra, iliandikishwa kama bidhaa ya mahali pale, yaani jina hilo ni mali ya wazalishaji wa Kolhapur kwa pamoja, wala si la kampuni moja. Mwaka 2019 guru ya Marayoor, huko Kerala, nayo ikapata haki hiyo hiyo.

Wakubwa wakishindwa kuelewana

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mataifa yasikae pamoja yakamaliza ubishi huu? Walijaribu. Iko tume iitwayo Codex Alimentarius, iliyoanzishwa na FAO pamoja na Shirika la Afya Duniani (WHO), ambayo kazi yake ni kuweka viwango vya vyakula. Mwaka 2011 kazi ya kutunga kiwango cha panela ilianza kwa pendekezo la Kolombia. Mara ubishi ukazuka. Mwenye panela anataka panela, mwenye guru anauliza kwa nini bidhaa yake iingie katika kiwango chenye jina la nchi nyingine. Basi wataalamu wakatunga jina refu, yaani maji ya miwa yaliyokaushwa bila kupitishwa katika mashine ya kuzungusha, kila nchi ikiachiwa kuongeza jina lake la kienyeji. Hata hivyo hawakuelewana vizuri juu ya jina wala juu ya mipaka ya kitu chenyewe, na miaka ya 2010 ikaisha bila kiwango hicho kupitishwa.

Ninachokiona hapo ni hiki. Katika mikutano ya namna hiyo, nchi iliyokwisha kuandika nyumbani kwake kwamba kitu hiki ni nini na kinaitwaje, huenda na karatasi mkononi. Nchi isiyoandika huenda kusikiliza. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Hoja za wanaopinga

Najua wako watakaosema kwamba kuitetea guru ni kuitetea gongo, maana wapikaji wa gongo huinunua. Ni kweli wanainunua. Lakini gongo hupikwa pia kwa ndizi, kwa mapapai, kwa mahindi na kwa sukari nyeupe ya dukani, wala sijasikia mtu akisema ndizi ni haramu. Anayevunja sheria ni yule anayepika gongo, na sheria ya kumshika ipo. Kumtia aibu mkulima wa miwa kwa kosa la mwingine si haki. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Isitoshe, guru ina kazi nyingi za heshima: hutiwa katika uji, katika kashata za karanga, na katika chatini ya ukwaju. Darasani nimesikia watoto wakichekana kwamba fulani kwao wanakunywa uji wa guru, kama kwamba ni tusi. Mtoto hakuzaliwa na dharau hiyo. Ameisikia kwa watu wazima.

Wengine watasema kwamba viwanda vitakosa miwa. Hili nalo lina uzito wake, maana kiwanda kikubwa kinahitaji miwa ya wakulima wa nje ili kisagike bila kusimama. Lakini imewahi kutokea, Kilombero na Mtibwa, kwamba miwa ya wakulima wa nje ilikaa shambani kupita wakati wake kwa kuwa kiwanda hakikuweza kuimaliza. Miwa iliyopitisha wakati ni hasara ya mkulima peke yake. Kinu cha guru hapo si adui wa kiwanda, bali ni mlango wa pili wa mkulima. Kinachotakiwa ni utaratibu. Jirani zetu wa Kenya, katika sheria yao ya sukari ya mwaka 2001, waliitaja guru kwa jina na kutaka vinu vyake viandikishwe. Kitu kilichotajwa katika sheria kinaweza kupangwa, na kisichotajwa hubaki kufukuzwa tu.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu inatoka kwa wapishi wenyewe. Wanasema: serikali ikituandika, italeta masharti ya sakafu za vigae na makarai ya chuma kisichoshika kutu, nasi tutafunga vinu. Hofu hiyo si ya bure. Kolombia ilipotoa kanuni za usafi wa panela mwaka 2006, wenye vinu vidogo wengi walishindwa kumudu gharama, na muda wa kutekeleza ukasogezwa zaidi ya mara moja. Kiwango kikiandikwa na watu wanaojua kiwanda kikubwa tu, kinaweza kuwa panga la kumkata yule kilichokuja kumlinda. Kwa hiyo tusianze na vigae. Tuanze na maji safi, chujio, karai lisilo na kutu, na guru isilazwe chini. Mengine yafuate kwa muda na kwa mkopo.

Nasi tuseme kweli

Tukidai wengine waache uongo, nasi tusiuendekeze. Siku hizi wako wauzaji wanaoitangaza guru kuwa ni dawa, na wengine wanawaambia wagonjwa wa kisukari waile bila wasiwasi. La hasha! Guru ina madini kidogo ambayo sukari nyeupe haina, lakini sehemu yake kubwa ni sukari ile ile. Mwaka 2015 WHO ilishauri kwamba sukari za kuongezwa, zikiwamo za namna hii, zisizidi asilimia 10 ya nguvu mwili unayoipata kwa siku. Mgonjwa wa kisukari akidanganywa kwa jina la asili, aliyemdanganya hana tofauti na yule anayeipaka sukari rangi.

Mapendekezo

Kwa kumalizia, nashauri haya. Kwanza, Baraza la Kiswahili la Taifa na Shirika la Viwango Tanzania wakae pamoja, waseme wazi kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba sukari guru ni ile iliyopikwa kwa maji ya miwa bila kutengwa molasi, na kitu kingine chochote kisiuzwe kwa jina hilo. Pili, wanaoandikisha alama za biashara wasimkubalie mtu yeyote kulichukua neno guru peke yake. Aandikishe jina lake au la kijiji chake, lakini neno la wote libaki la wote. Tatu, Bodi ya Sukari Tanzania iwahesabu wenye vinu, si kwa kuwatoza kwanza, bali kwa kuwajua. Nne, wapishi wa guru wajiunge katika vyama vya ushirika, wapige chapa zao juu ya madonge yao, ili mnunuzi wa Dar es Salaam ajue kwamba hii imetoka Turiani na hii imetoka Kilombero.

Wapishi wasisubiri mpaka serikali ifike. Mwenye kinu anaweza kuanza kesho kwa kuchonga kibao cha jina lake na kukigandamiza juu ya donge kabla halijapoa. Gharama yake ni kipande cha mti. Siku mgeni atakapokuja na karatasi kudai kwamba guru ni yake, madonge hayo yatakuwa ushahidi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Wilaya ya Mvomero,
Morogoro.